Artusi: Mfanyabiashara wa hariri aliyeupa heshima mchuzi wa nyama wa nyumbani

JUMAPILI mchana katika nyumba nyingi za mjini Dodoma, kuanzia Area C hadi Kisasa na Nkuhungu, sufuria la nyama ya kusaga huinjikwa juu ya jiko la mkaa na kuachwa lichemke taratibu. Kitunguu, karoti na nyanya hulainika pamoja na nyama, na watoto huulizia kila baada ya muda mfupi kama tambi zimekwisha kuiva.

Chakula hicho kimezoeleka kiasi kwamba wengi hawajiulizi kilitoka wapi. Tambi zilizojulikana zamani na familia nyingi, hasa za pwani, ni zile zinazopikwa kwa sukari na kuliwa mwezi wa Ramadhani. Tambi za kuliwa na mchuzi mzito wa nyama zina asili nyingine, nayo ni Italia.

Waitaliano nao si wageni wa jana katika uwanda huu wa kati. Mapadre wa Shirika la Mateso kutoka nchi hiyo walifika Dodoma katika miaka ya 1930, na kilimo cha zabibu kinachoupatia mkoa huu sifa hadi leo kinahusishwa na wamisionari wa Bihawana.

Hata hivyo, mtu aliyeutoa mchuzi huo wa nyama katika majiko ya mji mmoja wa Italia na kuuweka mezani kwa taifa zima hakuwa padre wala mpishi. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri ambaye hakuoa maisha yake yote, aliyeandika vitabu viwili vikamshinda, na ambaye kitabu chake cha tatu kilikataliwa na wachapishaji alipokuwa na umri wa miaka 70.

Jina lake ni Pellegrino Artusi.

Mtoto wa muuza duka

Artusi alizaliwa Agosti 4, 1820 katika mji mdogo wa Forlimpopoli, kusini mashariki ya Bologna. Wakati huo hapakuwa na nchi iitwayo Italia. Palikuwa na falme na tawala nyingi ndogo, na Forlimpopoli ilikuwa chini ya utawala wa Papa.

Baba yake, Agostino, alikuwa mwenye duka aliyefanikiwa, na mama yake aliitwa Teresa Giunchi. Familia ilikuwa kubwa na yenye kujiweza. Kijana Pellegrino alipelekwa kusoma katika seminari ya Bertinoro, mji wa jirani uliojengwa juu ya kilima, lakini hakuwa na wito wa upadre. Baadaye alirudi kumsaidia baba yake dukani.

Katika ujana wake alikuwa akienda mara kwa mara Bologna, mji wenye chuo kikuu kikongwe na sifa ya kula vizuri. Huko alikaa meza moja na wanafunzi waliokuwa wakijadili ukombozi wa nchi yao. Miongoni mwa watu aliowaona katika nyumba ya chakula mjini humo alikuwa Felice Orsini, mwanaharakati ambaye mwaka 1858 aliuawa kwa kukatwa kichwa mjini Paris baada ya kujaribu kumuua Mfalme Napoleon wa Tatu wa Ufaransa. Artusi alikuja kumkumbuka katika kitabu chake, katikati ya maelezo ya namna ya kupika makaroni.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu huyo. Siasa, maradhi na misiba ya wakati wake viliingia katika maandishi yake kwa kupitia mlango wa jikoni.

Usiku wa majambazi

Maisha ya utulivu yalikatika Januari 25, 1851. Usiku huo jambazi maarufu Stefano Pelloni, aliyejulikana kwa jina la Passatore, aliuvamia mji wa Forlimpopoli pamoja na genge lake.

Wakubwa wa mji walikuwa ukumbini wakitazama mchezo wa kuigiza. Pazia lilipofunguliwa, waliowaona jukwaani hawakuwa waigizaji bali watu wenye bunduki walizowaelekezea. Majambazi waliwashikilia watazamaji, wakaanza kuita matajiri mmoja mmoja na kuwaongoza hadi majumbani mwao kuchukua mali.

Nyumba ya Artusi nayo ilivamiwa. Hasara ya fedha ingeweza kufidiwa kwa biashara, lakini dada yake, Gertrude, hakupona kutokana na yaliyompata usiku huo. Alipoteza utimamu wa akili na hatimaye akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Passatore aliuawa miezi miwili baadaye, lakini kwa familia hiyo kifo chake hakikurudisha chochote. Waliuhama mji wao na kwenda kuanza upya mjini Florence. Pellegrino, ambaye alikuwa na miaka 30, aliondoka katika nyumba aliyozaliwa na hakurudi tena kuishi huko.

Huenda ndiyo sababu vyakula vya utotoni vina nafasi ya pekee katika kazi yake. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa namna hiyo hubaki na vitu vichache vya kubeba, na mojawapo ni ladha ya kilichokuwa kikipikwa na mama yake.

Mji mkuu mpya

Huko Florence, Artusi alijiingiza katika biashara ya hariri na baadaye katika shughuli za fedha. Alifanya kazi pia katika mji wa bandari wa Livorno, ambako mwaka 1855 alinusurika kifo bila kujua.

Alikula supu nzito ya mboga katika nyumba ya chakula, na usiku akashikwa na maumivu makali ya tumbo. Aliilaani supu ile, akaondoka asubuhi kurudi Florence. Huko ndiko alikopata habari kwamba kipindupindu kimelipuka Livorno, na kwamba mwenye nyumba aliyompangisha alikuwa miongoni mwa waliokufa. Miaka mingi baadaye aliyasimulia hayo yote kama utangulizi wa mapishi ya supu hiyo hiyo, kana kwamba anaiomba radhi.

Mwaka 1865, akiwa na miaka 45, alikuwa amekusanya mali ya kutosha kuacha biashara. Mwaka huo huo Florence ilifanywa mji mkuu wa Italia iliyokuwa imeungana miaka minne tu kabla, na ikabaki na hadhi hiyo hadi mwaka 1871 serikali ilipohamia Roma.

Wakazi wa Dodoma wanaweza kuielewa hali hiyo kuliko wengine. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi katika uwanda wa kati, na hasa baada ya serikali kuhamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, mji umepokea watumishi kutoka kila mkoa, kila mmoja na chakula chake. Florence nayo ilipokea makarani, wanajeshi na wanasiasa kutoka kaskazini, watu waliokula tofauti na hata kusema tofauti na wenyeji.

Katika Italia ya wakati huo ni sehemu ndogo tu ya wananchi iliyozungumza Kiitaliano. Wengine wote walitumia lugha za kwao, na mboga moja iliweza kuwa na majina manne katika masoko manne. Vitabu vya mapishi vilivyokuwepo vilijaa maneno ya Kifaransa na viliandikwa kwa ajili ya wapishi wa mabwana wakubwa. Mama wa nyumbani mwenye mshahara wa mume mmoja na jiko moja hakuwa na kitabu chake.

Vitabu viwili visivyosomwa

Wazazi walipofariki na dada zake kuolewa, Artusi alibaki peke yake katika nyumba iliyoko Piazza d'Azeglio. Aliishi na wafanyakazi wawili. Mmoja alikuwa mpishi Francesco Ruffilli, aliyetoka Forlimpopoli kama yeye, na mwingine Marietta Sabatini, mwanamke wa Tuscany aliyesimamia nyumba na kupika pia. Walikuwapo na paka wawili, Biancani na Sibillone.

Alitaka kuwa mwandishi wa fasihi. Mwaka 1878 alichapisha kitabu juu ya maisha ya mshairi Ugo Foscolo, na mwaka 1881 akatoa kingine chenye maelezo juu ya barua za mshairi Giuseppe Giusti. Vyote viwili vilipita bila kutazamwa.

Wakati huo huo, jikoni mwake kulikuwa kukifanyika kazi nyingine. Artusi alikuwa akikusanya mapishi kutoka kwa marafiki, nyumba za wageni na akina mama, kisha anawapa Francesco na Marietta wayajaribu mbele yake. Kilichoharibika kilirudiwa. Kipimo kilichokuwa cha kukisia kwa mkono kilipimwa kwa gramu na kuandikwa.

Mwaka 1891 alikuwa na mapishi 475. Rafiki yake msomi alimwonya kwamba kitabu hicho hakitafika popote, na wachapishaji aliowaendea hawakukitaka. Akaamua kulipia uchapaji kwa fedha zake mwenyewe. Nakala 1,000 zikatoka, na kitabu akakitabaruku kwa paka wake wawili.

Hata katika mji wake wa asili hakuthaminiwa. Alitoa nakala mbili zishindaniwe katika bahati nasibu ya hisani huko Forlimpopoli. Waliozishinda walizicheka, wakaenda kuziuza kwa muuza tumbaku.

Makaroni ya Bologna

Ni katika kitabu hicho ndimo yalimo mapishi ya makaroni kwa mtindo wa Bologna, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza kuchapishwa ya mchuzi unaojulikana leo duniani kwa jina la mji huo. Anayeyasoma akiwa Dodoma huenda akashangaa kwanza kwa kisichokuwemo. Hakuna nyanya hata moja, wala hakuna mvinyo.

Kwa nusu kilo ya makaroni, Artusi alitaka gramu 150 za nyama ya ndama isiyo na mafuta, gramu 50 za nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na gramu 40 za siagi. Viungo vilikuwa robo ya kitunguu, nusu ya karoti, seleri kidogo, chembe ya unga wa ngano, pilipili manga, kungumanga na supu ya nyama. Chumvi ilikuwa kidogo sana au isiwepo kabisa, kwa kuwa nyama iliyokaushwa na supu vilikuwa nayo tayari.

Nyama ya ndama ilikatwa vipande vidogo kwa kisu. Ile ya nguruwe, kitunguu na mboga vilikatwakatwa hadi kuwa laini, kisha vyote vikawekwa motoni pamoja na siagi. Nyama ikishabadilika rangi na kuwa ya kahawia, unga ulitiwa, halafu supu ikaongezwa hadi nyama iive sawasawa.

Aliyependa kuuongezea mchuzi utajiri aliruhusiwa kutia uyoga mkavu au maini ya kuku, na mwisho nusu glasi ya malai. Makaroni yenyewe hayakutakiwa kuiva hadi kulegea, na jibini ya Parma ilinyunyizwa juu.

Kipimo hicho kina somo ndani yake. Gramu 200 za nyama kwa nusu kilo ya makaroni si anasa. Ni hesabu ya nyumba inayotaka nyama ichache ishibishe meza nzima, na njia ya kufanya hivyo ni kuikata ndogo na kuipa muda wake motoni.

Nyanya zilikuja kushika nafasi baadaye. Oktoba 17, 1982, Chuo cha Mapishi cha Italia kiliandikisha rasmi mapishi ya mchuzi huo katika Chemba ya Biashara ya Bologna, yakiwa na nyanya na mvinyo. Mwaka 2023 yakarekebishwa tena. Huko Bologna kwenyewe mchuzi huo huliwa na tambi pana za mayai, wala si zile nyembamba ndefu ambazo dunia imezizoea.

Anayeupika katika uwanda wa kati anahitaji kujua jambo moja zaidi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi joto kama 96 badala ya 100 za pwani. Nyama inayolainika Dar es Salaam kwa muda fulani hudai muda zaidi hapa. Kuongeza mkaa hakusaidii, maana maji yakishachemka hayapandi moto tena, bali hukauka upesi na mchuzi kushika chini.

Kinachotakiwa ni moto mdogo, kifuniko kilichoachwa wazi kidogo, na supu ya moto inayoongezwa kidogo kidogo kwa saa mbili au zaidi. Nyama yenye kano kidogo, ambayo bei yake buchani ni nafuu, ndiyo inayofaa kuliko steki, kwa sababu kano hizo zikipikwa polepole huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Familia zisizotumia nguruwe wala mvinyo hazipotezi kitu kikubwa. Siagi na supu nzuri ya mifupa ya ng'ombe hufanya kazi hiyo.

Barua kutoka jikoni

Kitabu cha Artusi kilianza kuuzwa polepole, kama mchuzi wenyewe. Profesa Paolo Mantegazza, mwanasayansi aliyekuwa na jina kubwa wakati huo, alikisifu hadharani, na watu wakaanza kukiulizia. Mwandishi mwenyewe alikuwa akikiuza kwa posta kutoka nyumbani kwake.

Kisha zikaanza kuja barua. Wanawake kutoka kila pembe ya Italia walimwandikia kumsahihisha, kumwuliza, na kumletea mapishi ya mama zao. Artusi aliwajibu, akayapeleka mapishi yao jikoni kwa Francesco na Marietta, na yale yaliyofaulu akayaingiza katika toleo lililofuata. Keki moja aliipa jina la Marietta mwenyewe.

Kwa miaka 20 kitabu kilikua namna hiyo. Kufikia toleo la 15, lililotoka mwaka wa kifo chake, mapishi yalikuwa 790. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiitaliano chepesi, na kwa familia nyingi kilikuwa kitabu cha lugha kama kilivyokuwa cha jikoni. Mke wa karani wa Sicily na mke wa mwalimu wa Piedmont walianza kukiita chakula kimoja kwa jina moja.

Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba aliiunganisha Italia mezani, baada ya majenerali kuiunganisha kwa bunduki. Sifa hiyo ina ukweli, lakini haimtoshelezi kila aliyestahili. Artusi alishika kalamu. Waliokuwa na ujuzi walikuwa wanawake wengi ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jalada.

Inaonekana mzee huyo aliujua ukweli huo. Alifariki mjini Florence Machi 30, 1911, akiwa na miaka 90, akazikwa katika makaburi ya San Miniato al Monte, kilimani juu ya mji. Wosia wake ulipofunguliwa, mali yake ilikuwa imeachiwa Forlimpopoli, mji uliokuwa umemfukuza kwa hofu na kukicheka kitabu chake. Haki za kitabu chenyewe, na mapato yake, aliwaachia Francesco na Marietta.

Mwaka 1911 haikuwa jambo la kawaida kwa mwajiri kuwatambua mpishi wake na mtumishi wake wa kike kuwa wenye haki katika kazi ya maandishi. Wengi wa wakati wake wangeona zawadi ndogo ya kuagana inatosha.

Forlimpopoli nayo ilikuja kumpokea mwanawe. Tangu mwaka 1997 mji huo hufanya tamasha la chakula kwa jina lake kila kiangazi, na mwaka 2007 ulifungua kituo cha mapishi ya nyumbani kiitwacho Casa Artusi. Wanawake wanaofundisha humo kukanda na kusukuma tambi kwa mikono huitwa akina Marietta, na kuna tuzo ya mpishi wa nyumbani yenye jina hilo.

Kitabu hakijaacha kuchapishwa tangu mwaka 1891. Kimepita katika vita viwili vya dunia, na bado hupewa mabinti na vijana wanaoanza maisha yao wenyewe.

Dodoma nayo ina mapishi yake yasiyo na kitabu cha namna hiyo. Ugali wa uwele, mlenda wa kukausha juani na namna ya kuchemsha nyama ya mbuzi hadi iachane na mfupa ni ujuzi ambao kwa sehemu kubwa umo vichwani mwa bibi wa Kigogo na Kirangi. Nao, kama wale waliomwandikia barua mzee wa Florence, hupima kwa mkono na kwa jicho. Wajukuu wao wapo mjini sasa, wakikoroga mchuzi wa tambi siku ya Jumapili, na simu ya kuwapigia bibi kuuliza kipimo iko pembeni ya jiko.